Mrija wa Nne

Mtoto wa Primitiva Cuéllar, bado hujapewa jina.
Kwenye karatasi wewe ni 0417, siku ya tatu,
kilo mbili na robo tatu.
Nimeletewa damu ya kisigino chako
katika mirija minne, myembamba kama sindano za kufumia.

Naziba ncha zake kwa udongo laini, naipanga mashineni,
nafunga kifuniko. Inavuma.
Hapa Aiquile upepo wa Agosti nao unavuma,
unapenyeza vumbi chini ya mlango,
nami nafuta meza mara ya tatu tangu asubuhi,
kwa kuwa vumbi likifika kwenye kioo
hupandishwa cheo, huitwa ugonjwa.

Dakika tano. Damu imekwisha kujigawa yenyewe:
wekundu umetuama chini kama mashapo ya kahawa,
juu kuna maji ya rangi ya majani makavu,
na mpakani, utepe mweupe
usiozidi unene wa ukucha wako.
Hapo ndipo wanapojificha.

Sitafuti umbo. Umbo ni dogo, tena laghai.
Natafuta vurugu:
chembe mbili zikipigana kumbo pasipo sababu,
umati ukiyumba kana kwamba mlevi anapita katikati
naye mwenyewe haonekani.

Mrija wa kwanza: kimya.
Wa pili: kimya, na kiputo kimoja cha hewa.
Wa tatu: nimehesabu pumzi zangu hadi mia mbili.
Kimya.

Daktari Wilge amepiga simu kutoka ghorofani,
anataka kuwaruhusu, lori la kwao linaondoka saa sita.
Kalamu ninayo. Neno "hasi" lina herufi nne tu,
mkono wangu unalijua kuliko sala.

Lakini nilikuwa na baba.
Watu walisema ana moyo mkubwa
wasijue wanasema nini.
Mwaka alioanguka katika shamba la vitunguu
walininyooshea picha kwenye taa kule Cochabamba:
moyo umejaa kifua
kama boga lililosahauliwa shambani.
Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi,
na katika nyufa za ukuta waliishi vinchuka,
wadudu wanaobusu uso wa aliyelala,
wakanya hapo hapo, wakaenda zao.
Miaka arobaini hakuna aliyetazama damu ya baba.
Waliipima kwa macho tu: mtu mzima, ana nguvu, mkaidi.

Mrija wa nne, basi.
Nauviringisha kwa kidole, taratibu,
kama anayejaribu ufunguo usio wake.

Hapo.
Pembeni kabisa, mahali jicho linapochoka,
chembe moja imesukumwa. Imetulia. Imesukumwa tena.
Kisha namwona, au naona njia yake tu,
uzi unaojipinda, unaochapa mkia
ndani ya mtu ambaye shingo yake haijakaza bado.

Hili tunaliita chanya. Maabara ina mzaha wake.
Na leo, 0417, mzaha umegeuka kweli:
kwako wewe ni kipande cha kidonge kilichosagwa,
siku sitini, na makunyanzi ya uso kwa uchungu wake.
Mwakani nitakutafutia tena mlevi yule
na, tukijaliwa, nitafurahi kumkosa.

Nampigia Daktari: lori liende, wao wabaki.

Dirishani amesimama bibi yako, Doña Saturnina,
kofia nyeupe ameikumbatia kifuani.
Nilidhani atalia. Aliuliza,
"Kapewa na mama yake?"
Nikasema ndiyo, tumboni, pasipo kujua.
Akamtazama Primitiva aliyesinzia kwenye benchi,
akamtazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mrija wowote.
"Na yeye alipewa na nani?"

Karatasi yangu haina nafasi ya swali hilo.

Akaiweka kofia juu ya kiti, akaanza kukunja sweta,
mkunjo, mkunjo, hadi juu ya kiwiko.
Nafunga mpira. Natafuta mshipa.